Kimya cha Sikudhani

Sogeeni, wenzangu. Miaka yote ninaisimulia hii, na bado sijui kwa nini Sikudhani aliiacha kanga yake mlangoni kwa zimwi.

Alikuwa akiokota kuni msituni, zimwi akamtokea.

"Utaolewa nami?"

Akanyamaza. Akaulizwa tena, akanyamaza. Mara ya tatu, kimya. Zimwi akacheka kwa furaha, akamchukua kwake awe mkewe. Siku ya kwanza miguu ya Sikudhani ikaota mizizi. Siku ya pili kiuno kikawa gome. Jua la tatu likizama, angekuwa mti milele.

Mchana wa siku hiyo ya tatu shangazi yake, Bi Kirembo, akaingia msituni na mchi mkononi, akawakuta mlangoni kwa zimwi.

"Mwizi wee! Mrudishe mwanangu!"

"Sikuiba, shangazi."

"Shangazi yako nani?"

"Nimemuuliza mara tatu, kanyamaza. Kwenu mwari akinyamaza si kakubali?"

Bi Kirembo naye aliozwa hivyo hivyo. Akashusha mchi. "Basi muulize tena, nami nisikie."

Zimwi akapiga magoti. "Utaolewa nami?"

"Nilinyamaza kwa hofu," akasema Sikudhani. "Sitaki."

Siku hiyo ikaamuliwa, msituni na kijijini, kwamba kimya cha mwari si jibu. Wa kwanza kuutekeleza uamuzi huo alikuwa zimwi mwenyewe. Aliing'oa ile mizizi na kulibandua lile gome kwa kucha zake, taratibu asimuumize, akambeba Sikudhani hadi kwa mama yake kabla jua halijazama, kisha akarudi msituni peke yake, akaikuta kanga ya Sikudhani mlangoni pake.