Gome Jipya la Ndeanka

"Pombe mpya huanzia kinywani mwa mpishi." Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo yule fundi aliyetaka kujaribu dawa yake ya mchwa kwenye paa letu, mkacheka, mkaniuliza pombe imeingiaje hapo. Iliingia kwa mlango wa ukweni, wanangu, na nusura ivunje ndoa. Kaeni niwaeleze.

Huko Uchagani, mlimani, palikuwa na mama aitwaye Ndeanka, mpishi wa mbege. Mbege, kwa asiyeijua, ni ndizi mbivu zilizochemshwa na kuachwa zichachuke, zikachanganywa na uji wa kimea cha ulezi na gome la msesewe la kutia uchungu kidogo. Wapishi wengine waliridhika na walichofundishwa na mama zao. Ndeanka hakuridhika asilani. Akienda msituni kukata kuni alitafuna magome kama mbuzi, na akipata ladha mpya hakutulia mpaka apike kijungu kidogo, amkamate jirani wa kwanza kupita, ampe kata na kumkodolea macho usoni. Raha yake ilikuwa hapo, kumtazama mtu anapoonja. Kwa hiyo alizoea kumpa mwenzake kwanza, yeye akanywa baadaye.

Kwa mila hilo ni kosa. Mwenye pombe hunywa wa kwanza mbele ya mgeni, ionekane kwamba haina jambo ndani yake. Lakini majirani walimjua Ndeanka, wakamwacha na wazimu wake.

Sasa mwanawe wa pekee, Elisaria, akampenda Aikande, binti wa ukoo wa Lyatuu, ng'ambo ya mto. Ikapangwa siku ya kupeleka mbege ya posa. Mnajua mambo hayo: pombe ikinywewa, binti ametolewa, ikikataliwa, hakuna tena mazungumzo.

"Mama, nakusihi," Elisaria alimwambia, "safari hii tumia msesewe tu."

"Msesewe wameunywa tangu wazaliwe. Mimi nitawapa kitu cha kusimulia."

Alikuwa amegundua gome jipya lenye harufu ya asali. Katika kijungu lilikuwa limetoa pombe iliyowafanya majirani walambe kata. Kwa mtungi wa ukweni akatia magome ya kukumbatia, kisha, kwa hofu kwamba ladha haitatosha, akayaacha yaloweke mpaka asubuhi ya safari. Akayatoa, akafunika mtungi kwa majani ya mgomba, akaondoka nao hivyohivyo bila kuonja.

Njia nzima moyo ulimdunda, lakini kwa furaha.

Walipokaribishwa na kuketi, Ndeanka alichota kata ya kwanza, akapiga goti na kumpa kwa mikono miwili Mzee Lyatuu, babu yake Aikande. Kisha akamtazama usoni, akisubiri.

Mzee hakuinua kata.

"Mama Elisaria," alisema taratibu, "kwenu hunywa nani kwanza?"

Hapo ndipo Ndeanka alipokumbuka jambo ambalo mlima mzima ulilijua: ndugu yake Mzee Lyatuu alikufa kwa kata aliyopewa na mgeni, katika ua huohuo.

Mshenga wa Elisaria, Mzee Kiwelu, alitoka mbio mpaka kwenye ua wa boma, akakata jani la isale, lile la kuombea msamaha, akarudi na kupiga magoti.

"Liweke chini," alisema Mzee Lyatuu. "Isale huombea kosa linalojulikana. Hili bado limo ndani ya kata. Mama, umetia nini? Hii si harufu ya msesewe."

"Gome, baba. La mti wa msituni."

"Mti gani?"

"Jina lake silijui."

Wanawake waliguna. Elisaria aliinamisha kichwa, na Ndeanka alitamani ardhi ipasuke immeze. Hakuogopa aibu peke yake. Aliogopa gome. Likiwa kidogo lilikuwa tamu; je, likizidi? Angewaapia nini watu hawa, na mwenyewe hajui?

Aliipokea kata kutoka mkononi mwa mzee. Akafumba macho, akanywa mpaka chini.

Ilikuwa chungu kama nyongo. Uchungu ulimshika ulimi, ukamshuka kooni, machozi yakamtoka. Watu wote walikuwa wakimtazama uso, na hakujua auweke vipi. Angeweza kutabasamu. Neno moja la sifa, na labda posa ya mwanawe ingepona.

"Ni mbaya," alisema. "Baba, pombe hii ni mbaya kabisa. Nimeiharibu mwenyewe, na kama ina madhara sijui. Msiinywe. Mtoto wangu hakutaka niitie gome hili. Msimhukumu yeye."

Mzee Lyatuu aliagiza mtungi usogezwe kando, na mtu yeyote asiondoke. Wakakaa. Walingoja kuona kama Ndeanka atadhurika. Jua lilihama kutoka migombani likaingia uani, na yeye bado anahesabu pumzi zake. Kisha Aikande, bila kutumwa, akaja na kibuyu cha maziwa, akaketi karibu naye, akamnywesha taratibu.

Mzee aliliona hilo. Alipoona pia kwamba mama mkwe hafi, ila anakunja uso tu, akaanza kucheka.

"Mtu aliyekuja kuniua angesema ni tamu," alisema. "Huyu amelitangaza kosa lake mwenyewe, mbele ya wakwe. Hapo mjukuu wangu atadanganywa na nani? Na Aikande mwenyewe ameshakaa upande wake. Mama Elisaria, mwaga hii, urudi na nyingine. Tia gome lolote utakalo. Lakini pombe mpya huanzia kinywani mwa mpishi."

Akaokota jani la isale kwa mkono wake mwenyewe, ndiyo alama kwamba kosa limesamehewa.

Basi msidhani methali hii inakataza vitu vipya. Ndeanka hakuacha kutafuna magome hadi uzee wake, na Mzee Lyatuu alikuwa mnywaji wake mkubwa. Inachokataza ni kumfanya mwenzako atangulie pale ambapo wewe mwenyewe hujathubutu kufika. Fundi akija kesho na dawa yake, muulizeni kwanza paa la nyumba yake limesemaje. Pombe mpya huanzia kinywani mwa mpishi.