Jiko Lililokuwa Chini ya Barabara

Mtu mmoja alikuwa na duka la vitambaa katika mtaa mkongwe wa mji wa kaskazini ya jangwa, mji wa pwani ambao Warumi waliutawala zamani sana. Jina lake Mukhtari. Duka alilirithi kwa baba yake, na baba yake alilirithi kwa babu. Wenye maduka wa mtaa ule walimfanya msemaji wao, kwa sababu hakuna aliyeweza kumwambia, "Mimi nilikuwapo kabla yako."

Upande wa pili wa barabara, kwenye kona, mwanamke aitwaye Hawau alikaanga bajia za kunde. Alikuwa ametoka kusini, akavuka jangwa na wanawe akikimbia vita. Hakumdhulumu mtu. Lakini moshi wake uliingia madirishani mwa watu, lafudhi yake ilikuwa ngeni, na wateja walijaa kwake. Wenye maduka wakakutana, wakaamua aondoke. Mukhtari ndiye aliyetumwa kumpa habari. Alimwambia mbele ya watu, bila kupandisha sauti:

"Mama, mtaa huu una wenyewe. Tulitangulia sisi. Mafundi wakimaliza kazi ya barabara, tusikuone hapa."

Siku ile Hawau alizima moto wake mapema.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kulaza mabomba ya majitaka. Mafundi walichimba mbele ya duka la Mukhtari, na chini ya lami, chini ya kifusi, sururu zikagonga ukuta. Akaletwa mtaalamu wa mambo ya kale, mwanamke aitwaye Salwa. Aliwasimamisha mafundi, akaondoa udongo kidogo kidogo kwa brashi, mpaka ikaonekana nyumba ya Warumi: ukuta wa mawe, kizingiti kilicholika kwa nyayo, na jiko. Ukuta ule ulikwenda moja kwa moja hadi chini ya duka la Mukhtari.

Mtaa mzima ulifurahi. Watu walisema hao ni mababu zao, na sasa kila mtu ataona wao ni wenyeji wa tangu lini. Mukhtari akaomba ashuke shimoni aone duka lake limesimama juu ya nini. Salwa akamshikia ngazi.

"Walioishi humu ndio wazee wetu?" Mukhtari akauliza.

"Sijui, mzee," Salwa akajibu. "Waliojenga walikuja kwa merikebu kutoka ng'ambo. Na tazama hapa, chini ya sakafu yao kuna sakafu nyingine. Kuna watu waliokuwapo kabla yao. Hao nao walimkuta nani, siwezi kukuambia."

Mukhtari akachutama mbele ya jiko. Mawe yake yalikuwa bado yana masizi. Aliyagusa, kidole kikatoka cheusi. Mtu alipika hapa akawalisha wanawe, na huenda jirani alimjia kulalamikia moshi. Juu yake wakaja wengine, na juu ya hao wengine, hadi babu yake Mukhtari, ambaye aliingia mji ule na furushi kichwani akiomba mahali pa kulala. Nyumbani kwao jambo hilo halikuwa likisemwa. Mukhtari alishikwa na aibu, akabaki mle chini mpaka Salwa alipomwita.

Nyumba ile ilipokwisha kupimwa na kupigwa picha, ilifunikwa kwa mchanga isiharibike, mabomba yakapitishwa kando, na lami ikarudi juu yake. Asubuhi iliyofuata wenye maduka walikwenda kwenye kona kumwondoa Hawau. Aliyewaongoza ni Nuri, mdogo wake Mukhtari. Wakamkuta Mukhtari ameshafika, amesimama mbele ya karai la mafuta la Hawau.

"Kaka, pisha," Nuri akasema. "Si wewe mwenyewe uliyemwambia aondoke?"

"Nilimwambia, na nilikosea," Mukhtari akasema. "Kama mtaa ni wa aliyetangulia, basi tufunge maduka tuondoke sote."

Walimcheka, kisha wakamtukana. Mmoja akalipiga teke jiko, makaa yakamwagika barabarani. Mukhtari akayaokota kwa koleo, moja moja, akayarudisha. Kesho yake walikuja tena wakamkuta pale pale. Wakamvua usemaji. Wakawaambia wateja wasinunue kwake, na wengi wakatii. Nuri akaacha hata kumsalimia, na hilo ndilo lililomuuma Mukhtari kuliko yote, kwa maana baba yao alipofariki yeye ndiye aliyemlea. Hata hivyo, kila asubuhi hakufungua duka lake kabla moto wa Hawau haujashika.

Hawau mwenyewe alimwogopa siku za mwanzo, kwa kuwa hakusahau nani aliyemfukuza. Baadaye akamletea kiti.

Mwishowe waliochoka ni wale waliokuja kufukuza. Hawau yupo kwenye kona yake. Wateja wa vitambaa wamerudi, ingawa si wote. Nuri hupita upande wa pili wa barabara akitazama chini.

Nami nawauliza ninyi mlioketi hapa, mnaopaita mahali hapa penu: aliyewatangulia akirudi leo, akawaambia yale mnayomwambia mgeni, mtakwenda wapi?