Kanga Aliyepewa Mwiko wa Kunyamaza

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni pakawa ya watu walioshiba au ya watu wanaongoja chakula? Haya, sogeeni. Wewe unayechezea kidole cha mguu, sikiliza. Na ninyi watu wazima mlioketi nyuma mkijifanya mnachambua mboga, najua masikio yenu yako huku.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata bibi yangu alizisikia tu, aliishi Kanga. Si kanga ya kujitanda, ni kanga ndege, mwenye madoadoa. Na Kanga huyu alikuwa na sauti. Akiona jua, keke-keke-keke. Akiona wingu, keke-keke-keke. Akitaga yai, basi tena, bonde zima lilipata habari.

Alikuwa na miguu ya mbio, alikuwa na manyoya ya kupendeza, alikuwa na kiota safi chini ya kichaka. Mtoto hakuwa naye. Kila msimu mambo yalikuwa yale yale. Anataga, anatangaza, anaatamia kidogo, anawashwa, anatoka kwenda kujikuna. Akirudi, kiota kitupu. Alilia mpaka machozi yakamkauka.

Jirani yake alikuwa Kwale. Kwale ni ndege mdogo, rangi yake ya vumbi, hana la kujivunia. Lakini kila msimu vifaranga wake walimfuata nyuma, mstari mrefu, pii, pii, pii. Kanga akiwaona moyo unamuuma. Akaanza kujiuliza. Kutoka kujiuliza akaanza kusema. Kutoka kusema akaanza kuapa kwamba Kwale ni mchawi, ndiye anayemlia watoto usiku. Kwale akimwamkia, Kanga anageuza shingo. Kwale akimletea punje za mtama, Kanga anazikanyaga.

Basi siku moja akafunga safari kwenda kwa mganga.

Mganga wa bonde lile alikuwa Kalunguyeye, yule mnyama mdogo mwenye miiba mgongoni na pua iliyochongoka. Pua yenyewe ilitiririka makamasi mwaka mzima, lakini hilo tutalirudia. Kibanda chake kilinukia. Kivumbasi kimening'inia mlangoni, mrehani umepandwa pembeni, mchaichai umefungwa vitita, tangawizi inakauka juu ya jiwe, mwarobaini umo chunguni. Majani yale yale yanayoota nyuma ya jiko la mama yako, mwanangu. Ila Kalunguyeye aliyapa kazi kubwa. Mrehani alisema unaita mchumba. Mwarobaini alisema unamrudishia adui ubaya wake. Mchaichai alisema unatuliza mizimu iliyokasirika.

Na kila dawa ilikuwa na mwiko. Sasa sikilizeni ujanja. Mwiko ule kila mara ulikuwa jambo ambalo mgonjwa hawezi kuliacha. Ngiri alipotaka mrehani apate mchumba, aliambiwa asigaegae topeni. Kobe alipotaka dawa ya mbio, aliambiwa asiingize kichwa ndani ya gamba. Dawa ikishindwa, Kalunguyeye anatikisa kichwa, anavuta kamasi, srrrp, anasema, "Umevunja mwiko." Nani atabisha? Ngiri mwenyewe alikuwa na tope mpaka kwenye kope.

Kanga akaketi. Akatoa kumbikumbi aliowafunga kwenye jani, akaanza kueleza, akaeleza, akaeleza. Alitaka mambo mawili tu: mayai yake yaanguliwe, na Kwale akomeshwe. Kalunguyeye alikula kumbikumbi kwanza, maana mganga hagangi na njaa. Kisha akachukua kivumbasi, akachukua mchaichai, akazunguka akiimba. Mwimbe nami:

*Kivumbasi, kivumbasi,*
*ondoa hofu na wasiwasi.*
*Mchaichai, mchaichai,*
*linda mama, linda yai.*

Akampa majani, akamwambia ayatandike kiotani, yakinyauka aweke mengine. Kisha akamtazama, akitafuta jambo ambalo Kanga hawezi kuliacha. Halikumpa taabu kulipata, kwa sababu muda wote huo Kanga alikuwa bado anasema.

"Mwiko wako ni mmoja," akasema Kalunguyeye. "Usitoe sauti. Tangu utakapotaga yai la kwanza mpaka ganda la kwanza lipasuke. Ukitoa sauti, mayai yako yatageuka mawe."

Kanga akauliza, na Kwale je?

"Wewe nyamaza. Ubaya utamrudia mwenyewe."

Kanga alipotoka, Kalunguyeye alicheka peke yake. Alijua jua halitatua kabla hajasikia keke-keke. Lakini hakumjua mama anayetaka mtoto.

Kanga akatandika kivumbasi, akatandika mchaichai. Akataga yai. Keke ikampanda kooni, ikafika mdomoni, akaimeza, gu. Akataga jingine, keke ikampanda, akaimeza, gu. Jua likachomoza, gu. Mvua ikanyesha, gu. Ngiri akapita akamsalimia, yeye akainamisha kichwa tu. Bonde likashangaa. Wengine walisema anaumwa. Ngiri alisema ameanza maringo. Kobe alisema kimya hicho hakifiki jioni, akaketi kungoja aone. Na Kobe kwa kungoja hana mwenzake, lakini mara hii alichoka yeye.

Kukawa na jambo jingine. Kanga hakuwashwa. Misimu yote iliyopita utitiri, vile vidudu vidogo vya kiotani, ulimtambaa chini ya mbawa asiweze kutulia. Sasa kivumbasi kilinukia, utitiri ukahama. Kanga akakaa kitako, akapata raha ya kuatamia ambayo hakuijua maishani mwake.

Sasa nitawaambia ninyi siri ambayo Kanga hakuijua. Mayai hayakuwa yakiliwa na Kwale. Wala hakukuwa na uchawi. Kule mtoni, juu ya jiwe, aliishi Kenge, yule mjusi mkubwa mwenye ulimi uliopasuka katikati. Misimu yote Kenge alikuwa amelala tu akiota jua. Akisikia keke-keke-keke, anajua meza imeandaliwa. Anatambaa, tambarara tambarara, anajificha majanini, anangoja mama atoke kujikuna. Kazi imekwisha. Msimu huu alitega sikio, kimya. Akatega tena, kimya. Tumbo likamnguruma, ikabidi ainuke mwenyewe akatafute.

Asubuhi moja Kanga amekaa juu ya mayai yake. Mara akasikia kitu chini ya tumbo. Tik. Akatulia. Tik, tik. Watoto walikuwa wanagonga kutoka ndani. Bado ganda halijapasuka, lakini wanagonga. Furaha ikamjaa, keke ikampanda, akaimeza kwa nguvu kuliko siku zote.

Alipoinua macho akaona nyasi zinatikisika.

Akaona ulimi. Akaona kichwa. Kenge alikuwa anatambaa, lakini hakuja upande wake. Alielekea kwenye kichuguu, kwa Kwale. Na Kwale alikuwa amegeuka nyuma anaoga vumbi, vifaranga wake wanachezacheza hovyo, pii, pii, pii.

Kanga akakumbuka maneno ya mganga. Ubaya utamrudia mwenyewe. Kumbe ndiyo dawa hii, akawaza, imeanza kazi. Alichotakiwa ni kunyamaza tu. Na akipiga kelele, watoto wake wanageuka mawe hapo hapo alipokalia. Tik, wakagonga chini. Tik, tik.

Kifaranga mmoja, mdogo kuliko wote, akaliona jani linacheza mbele ya Kenge. Akalikimbilia.

Kanga alikijua kiota kitupu. Alijua kinavyokuwa cha baridi asubuhi. Alimtazama yule kifaranga, na akaona hawezi kumtakia mama yeyote baridi ile, hata mama mchawi. Akafumbua mdomo, na keke zote alizozimeza zikatoka kwa pamoja.

Keke-keke-keke-keke-keke-keke!

Bonde likaruka. Kwale akageuka, akaona, akaita, na vifaranga frrr, wakaingia miibani wote, na yule mdogo wa mwisho. Ngiri akachomoka topeni, pembe zake za mdomoni mbele. Kenge kuona hivyo akageuza, naye Ngiri nyuma yake, Kenge mbele, Ngiri nyuma, mpaka mtoni, chubwi.

Ndipo Kanga akaanza kulia.

Kwale alikuja mbio kushukuru, akamkuta jirani amefunika uso kwa bawa. Kanga akamweleza yote bila kuficha. Kwamba alimwita mchawi. Kwamba alikwenda kumwombea mabaya. Kwamba alipewa mwiko, ameuvunja, na sasa anaatamia mawe. Kwale alisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, au kama alikasirika aliweka akiba ya baadaye. Akasogea, akaweka sikio lake pembeni mwa kiota.

Tik. Tik, tik.

"Shoga," akasema Kwale, "jiwe haligongi."

Kanga akainuka kidogo. Ganda la kwanza likapasuka, pa. Kikatoka kichwa chenye michirizi, kimelowa, kinapepesa macho. Likapasuka la pili, likapasuka jingine, mpaka kiota kikajaa sauti. Na sauti zao, msiniulize zilitoka wapi, zilikuwa keke, keke, keke. Kanga alicheka na kulia kwa wakati mmoja.

Habari zilifika kwa Kalunguyeye kabla ya adhuhuri, na waliozileta walikuwa Ngiri na Kobe. Ngiri hakusalimia.

"Kanga amevunja mwiko mchana kweupe, bonde zima limesikia," akasema. "Watoto wametoka wazima. Sasa mimi na tope langu, kosa letu lilikuwa nini?"

Kalunguyeye akafanya wanavyofanya kina kalunguyeye wakibanwa. Akajikunja, akawa mpira wa miiba. Wakangoja. Kobe akausogelea ule mpira taratibu.

"Toka tu, mwenzangu," akasema Kobe. "Huko ndani nakujua. Hakuna jibu."

Kalunguyeye akajikunjua. Kwa aibu akakiri kwamba miiko ile ilikuwa ya kujikinga yeye mwenyewe. Majani anayajua vizuri, alisema, lakini nani angeleta kumbikumbi kwa ajili ya jani lililoota nyuma ya jiko lake?

Hapo akaingia Kanga, vifaranga nyuma, mstari mrefu, na Kwale pembeni yake. Kalunguyeye alidhani amekuja kumtukana. Kanga akamshukuru. Alimwambia kivumbasi kiliufukuza utitiri, ndiyo maana alitulia, na kimya chake kilimfanya Kenge, mwizi wa mayai ambaye sasa amemjua, apotee njia.

"Majani yako hayana kosa, babu," akasema Kanga. "Kosa ni kazi uliyoyabebesha. Uliniambia ninyamaze ubaya umrudie Kwale. Ningekusikia, leo huyu angekuwa analia mahali pangu."

Kalunguyeye alitazama chini. Kamasi likamshuka, srrrp. Kanga akatazama tangawizi iliyokuwa ikikauka juu ya jiwe, akamtazama mganga na pua yake. Wahenga walisema mganga hajigangi, na hawakukosea. Wakabandika maji. Wakatia tangawizi, wakatia mchaichai, Kalunguyeye akanywa kikombe kizima, na jioni pua yake ikakauka kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

Tangu siku hiyo anatoa majani yake na ukweli wake. Kivumbasi cha mbu na utitiri. Tangawizi ya mafua. Mchaichai wa chai, na chai ni dawa tosha ya ugomvi. Mrehani wa kunukia, basi. Ngiri aliuoga mrehani, akanukia, kisha akarudi topeni. Huko akamkuta ngiri jike aliyependa mrehani na tope pia, na harusi ilikuwa Ijumaa. Kumbikumbi kwa Kalunguyeye hawakupungua. Waliongezeka.

Na Kanga mpaka leo akiatamia husikii kitu. Lakini akiona hatari, hamngoji mtu. Anapiga kelele kwa ajili yake na ya majirani wote.

Funzo lake ni hili. Jani lina kazi yake, usilibebeshe isiyo yake. Kabla hujamwita jirani mchawi, tazama kwanza nani amelala juani akikusikiliza. Na sauti yako, mwenzako akiwa hatarini, haina mwiko.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Kalunguyeye. Mwenye mafua akabandike tangawizi, na anayemnunia jirani akamwamkie kabla chakula hakijapoa.