Bunduki Mbili za Mzee Damasi

Waliosema kwamba mchagua jembe si mkulima hawakuwa na ugomvi na majembe. Walimwona mtu anayepima mipini, anayegonga chuma kwa ukucha, anayeuliza hili na lile, huku mvua ikinyesha na kupita. Wakatambua kwamba mtu huyo kulima hataki, au anaogopa, au ana lake jambo moyoni. Mzee Damasi wa Singe, pembeni mwa mji wa Babati, alikuwa na lake jambo. Jembe lake lilikuwa bunduki.

Ulikuwa mwaka wa elfu moja mia tisa themanini na nne, na hali ilikuwa ngumu nchi nzima. Sukari ilikuwa habari ya kusimuliana, na kipande cha sabuni kilipangiwa foleni tangu alfajiri. Mzee Damasi alikuwa na ekari mbili za mahindi yaliyostawi hata wapita njia wakasimama kuyatazama. Shamba alikuwa nalo, ila mtu hakuwa naye. Mkewe, Genoveva, alifariki mwaka uliotangulia, na binti yao wa pekee, Fabiola, alikuwa mwalimu huko Tabora. Mzee alipika ugali wa mtu mmoja, akaula akiutazama ukuta. Siku nyingine jua lilizama hajatamka neno lolote ila la kufukuza kuku.

Mwezi wa nne ikaja barua. "Shikamoo Baba," aliandika Fabiola. "Huku unga tunapimiwa na watoto wanalala hawajashiba. Shule zikifungwa mwezi wa sita nataka nije nao wote wawili, tule mahindi ya nyumbani, kama yatakuwepo. Sitaki kuwadanganya watoto. Niambie ukweli." Mzee alijibu siku ile ile: njooni, mahindi yapo.

Adui wa ahadi hiyo walikuwa nyani. Walishuka kutoka mlimani mchana kweupe, wakavunja mabua, wakauma hindi moja na kulitupa, wakashika jingine. Genoveva alikuwa akiwafukuza kwa debe na kombeo. Sasa mjane Leonia, aliyepakana naye shamba, akamjia na shauri.

"Shikamoo Baba Fabiola."

"Marahaba, Mama Aniceti. Karibu."

"Nimekaribia. Nyani wameanza. Tushike zamu, asubuhi nilinde mimi mashamba yote mawili, mchana ulinde wewe. Debe ninalo."

"Debe!" Mzee akacheka. "Nyani wa siku hizi ukiwapigia debe watacheza ngoma. Subiri nipate bunduki, mama. Kibali nimeshapewa."

Kibali kilikuwa cha bunduki moja tu, na mjini zilikuwepo mbili za kuuzwa, zote za mitutu miwili ya kurusha chembe za marisau, kila moja kwa bei ya mtamba mmoja. Ya kwanza ilikuwa ya Herieli, bwana nyama mstaafu wa idara ya wanyamapori. Mitutu yake ililala ubavu kwa ubavu kama ng'ombe wawili kwenye nira. Ya pili iliachwa na marehemu mume wa Aikande, fundi wa matrekta, nayo mtutu mmoja ulipanda juu ya mwingine.

"Chukua hii, ndugu yangu," alisema Herieli. "Nyepesi, na ukiikunja katikati kidogo tu risasi zinaingia. Nyani hakungoji wewe uhangaike."

Mzee akainua bunduki, akafumba jicho, akasema atafikiri. Kesho yake alikuwa kibarazani kwa Aikande.

"Marehemu alikuwa akisema ile ya ubavu kwa ubavu inababaisha jicho," alisema mama huyo, akimmiminia chai isiyo na sukari. "Hii mitutu iliyopandana unalenga mstari mmoja. Ila ni nzito, nisikufiche."

Mzee akaipeleka hoja hiyo kwa Herieli. Herieli akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto, akatoa majibu ya asubuhi nzima, na mzee akayarudisha kwa Aikande. Hivyo ndivyo mwezi wa nne ulivyokwisha. Alipima uzito, akapima urefu, akauliza habari za kitako na za kifyatulio. Kila alikokwenda alivutiwa kiti, akaitwa kwa jina, akaulizwa ameamkaje. Mzee Damasi alikuwa mpweke, na tulitaje jambo hilo waziwazi. Bunduki zote mbili zilifaa, na moyoni alilijua hilo tangu wiki ya kwanza. Alichokiogopa ni siku atakayokuwa amekwisha kuchagua, asiwe tena na sababu ya kubisha hodi kwa mtu.

Jioni alikuta mistari miwili mitatu ya mahindi imelala chini. "Bado mengi," alijiambia, akawasha moto wa ugali wake.

Mwisho wa mwezi wa tano Aikande alimwekea bunduki magotini. "Baba Fabiola, umekunywa chai yangu mpaka majani yameniishia. Leo chukua au acha."

Mzee akaona haya, akachukua. Ile ya mitutu iliyopandana, basi. Akapita polisi, ikaandikwa kwa jina lake, akaelekea Singe akiwa ameibeba begani, na saa tisa alasiri akafika shambani.

Kundi zima lilikuwa limepita. Mabua yalilala chini kutoka mpaka hadi mpaka, na magunzi mabichi yalitapakaa kila mahali. Nyani hakubaki hata mmoja wa kulengwa. Ng'ambo ya mpaka mahindi ya Leonia yalisimama wima, naye Leonia alisimama katikati yake, debe mkononi, sauti imemkauka.

"Nilikuita, Baba Fabiola. Nilipiga debe huku, wakahamia kwako. Nikikimbilia kwako, wanarudi kwangu. Mtu mmoja halindi mashamba mawili." Akaitazama bunduki. "Hivi kuichagua hiyo ndiko kulikokuchukua siku zote hizo?"

Mzee alitaka kusema habari za uzito na shabaha, akaacha.

"Nilikuwa nakwenda kuongea na watu," alisema. "Nyumbani hakuna wa kuongea naye."

Leonia aliweka debe chini. "Na mimi je? Ile zamu ulidhani niliitaka kwa ajili ya nyani peke yao? Tangu mume wangu afe, mimi naongea na nani?"

Mzee aliingia ndani, akatafuta karatasi, akaanza kumwandikia binti yake. Alitaka kuwalaumu nyani, akafuta. Alitaka kusingizia mvua, akafuta. Fabiola alikuwa ameomba ukweli, akamwandikia ukweli: "Msije, mwanangu. Mahindi hayapo. Siku za kulinda nilizitumia kuchagua bunduki." Mwezi wa sita shule zikafungwa, na watoto wale wawili wakabaki Tabora wakingojea unga wa kupimiwa, ilhali babu yao alikuwa na bunduki nzuri kuliko zote za Singe, na mchagua jembe si mkulima.