Aliyeshika Zamu ya Mwantumu

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni ya juzi tu, alikuwako mwanamke wa Muheza aitwaye Mwantumu. Alikwenda nchi ya baridi kutunza wazee wa watu, akamwacha binti yake Zuwena kwa bibi yake, yaani mama yake Mwantumu. Aliyempa kazi ni Hatibu, mtu wa kwao, mwenye nyumba ya kutunzia wazee. Hatibu ndiye aliyemdhamini serikalini, na masharti yalikuwa wazi: Mwantumu amfanyie Hatibu kazi ileile, bila kukatiza, mpaka apate ukaazi. Baada ya ukaazi aombe uraia. Akiwa raia, amlete mwanawe.

Akafanya kazi. Akawaosha wazee, akawalisha, akawageuza vitandani, akatukanwa na watu waliokwisha kusahau hata majina ya watoto wao. Akavumilia kwa ajili ya Zuwena.

Ndipo ikaja simu kwamba mama yake amefariki. Mwantumu akamwendea Hatibu.

"Kaka Hatibu, mama ameniacha. Nipe ruhusa nikakae msibani."

"Pole sana, dada. Mungu amrehemu. Lakini karatasi zako hazijatoka, na wazee hawawezi kukaa peke yao. Ukiondoka nitaajiri mwingine, na udhamini wangu umekwisha." Kisha akashusha sauti. "Tafuta mtu ashike zamu yako. Mimi sitauliza."

Mwantumu alikuwa akiishi chumba kimoja na Sikudhani, mwanamke wa Korogwe ambaye viza yake ilikwisha zamani na sasa aliishi kwa kujificha. Sikudhani hakungoja kuombwa.

"Nenda ukamlilie mama. Mimi nipo."

Mwezi mzima Sikudhani aliwaosha wazee, akawalisha, akawageuza, na kifuani amening'iniza kitambulisho cha Mwantumu. Hatibu alimwona kila asubuhi, akamwamkia kwa jina la Mwantumu. Mwantumu aliporudi akataka kumpa mshahara wa mwezi ule, Sikudhani akakunja uso.

"Msiba unalipwa tangu lini, shoga? Unataka kunitukana?"

Hapo ndipo walipokosea, na hilo ni kosa la watu wetu. Wao waliona mtu ametoa mkono wa pole. Hakuna aliyefikiri kwamba mbele ya serikali ile ilikuwa ajira, tena kwa jina la mtu mwingine.

Zuwena naye, bibi yake alipokufa, alichukuliwa na mjomba ambaye hasira zake zilikuwa mikononi. Akipigiwa simu ya video, mtoto alijifunika mtandio mpaka kwenye nyusi. Mama yake hakuhitaji kuuliza kwa nini.

Miaka ikapita, Mwantumu akapata ukaazi, kisha akaitwa kwenye mahojiano ya uraia. Sikudhani alimpigia nguo pasi, akamwambia, "Wakikubana, nitaje. Sitakulaumu."

"Nikutaje wewe? Labda niwe nimekufa."

Afisa alikuwa mwanamke mpole. Upole wake ulitisha kuliko ukali.

"Ulifanya kazi kwa Hatibu?"

"Nilifanya."

"Kazi ya kutunza wazee?"

"Ya kutunza wazee."

"Bila kukatiza?"

"Bila kukatiza."

Afisa akafungua pasipoti, akamwonyesha mihuri ya kutoka na kurudi. "Mwezi huu ulikuwa kwenu. Na mwezi huohuo ulilipwa mshahara wa kazi. Nani alifanya kazi yako?"

Afisa akampigia Hatibu simu, sauti ikasikika chumba kizima: "Mimi nilijua ni Mwantumu. Kama hakuwapo, basi amenidanganya."

"Umesikia," afisa akasema. "Mtaje huyo mtu, nitaandika kwamba mwishowe ulisema kweli. Usipomtaja, uraia hupati, na hata ukaazi wako utaangaliwa upya."

Mwantumu akauona moyoni ule mtandio wa Zuwena. Akamtaja Sikudhani. Akaulizwa anaishi wapi, akasema pia.

Aliporudi chumbani alisema neno moja tu: "Nimepita." Hakumwonya mwenzake, maana aliogopa kwamba Sikudhani akitoroka, atakayerudi kuulizwa ni yeye. Wakalala chumba kimoja hivyo hivyo. Siku ya Mwantumu kula kiapo, askari walimkuta Sikudhani jikoni anapika pilau ya kumpongeza.

Watu wa nyumbani waliokuwa mji ule wakaitisha kikao.

Hatibu akasema, "Ningekiri, nyumba ingefungwa. Nina wengine ninaowadhamini, nao wana watoto. Niwazamishe wote kwa ajili ya mmoja?"

Mwantumu akasema, "Mwanangu alikuwa anapigwa. Na mwenyewe aliniambia nimtaje. Sikumwibia ruhusa."

Wakampigia Sikudhani kule alikofungiwa, akingoja kurudishwa kwao. Akasema, "Ni kweli nilimwambia anitaje. Nilimwambia ili akatae."

Kikao kikavunjika. Wengine walilia, na Mwantumu alilia kuliko wote.

Zuwena akaja. Mtoto aliyelelewa na bibi ana adabu zake, hata maji hajanywa, akasema, "Mama, nipeleke kwanza kwa yule mama aliyekushikia kazi ulipokuja kumlilia bibi. Nataka nimpe asante."

Mwantumu akabaki amesimama mlangoni, sanduku la mtoto mkononi.

Haya, mnaonisikiliza, na wewe uliyekwisha kufungua mdomo, ngoja kwanza. Msinitajie afisa, yeye alimaliza kazi yake akaenda kula chakula cha mchana. Nawauliza hawa watatu wa kwetu: Hatibu aliyejua akakana, Sikudhani aliyetoa ruhusa asiyotaka itumike, na Mwantumu aliyemtaja mwenzake, akarudi akalala naye chumba kimoja asimwambie. Mtoto bado anangoja jibu. Je, aambiwe ni nani aliyemfukuza yule mama?