Wimbo wa Sita

Wapendwa, leo nataka mkae kidogo na fundi redio mmoja. Mji wake msiniulize. Mkitoka hapa mkageuka kushoto, mnaweza kumkuta.

Fundi huyu alikuwa mwanachama wa kikundi cha watu walioipenda filamu moja ya zamani. Ilihusu vijana wa gereji walioanzisha bendi ya roki. Majumba ya sinema yaliionyesha wiki mbili, yakaiondoa, nchi nzima ikaisahau. Watu kumi na saba wa mji ule hawakuisahau. Kila mwaka, Jumamosi ya kwanza ya Agosti, saa nane mchana, walikutana katika darasa la chekechea. Waliketi kwenye viti vya watoto, magoti yakiwafika vifuani, wakasikiliza kanda ya nyimbo kumi za filamu ile. Baada ya hapo walibishana jambo moja: katika hizi kumi, upi ni dhaifu kuliko wote?

Msicheke. Humu kanisani tuliwahi kununiana miezi miwili kwa rangi ya mapazia.

Kikundi kilikuwa na sheria. Mtu akitaka kuushitaki wimbo, asimame mbele ya wote, ausikilize mpaka sauti ya mwisho, ndipo aseme. Kisha kura.

Wimbo wa sita uliimbwa na mtu ambaye fundi alikua naye. Walikuwa marafiki wa ujana, wakitumia pamoja gitaa moja lenye nyuzi tano, kwa sababu uzi wa tatu ulikatika na hawakupata mwingine. Wenye filamu walipokuja kutafuta mwimbaji, waliwasikiliza wote wawili wakamchukua mmoja. Rafiki akaondoka na begi lake. Fundi akabaki uani kwa mama yake. Barua za rafiki zilikuja mbili, akazirudisha posta bila kuzifungua.

Tangu hapo kinyongo hakikumtoka. Mtu akimsifu yule rafiki mbele yake, fundi aliuliza saa ngapi.

Kikundini yeye ndiye aliyetunza kanda na mashine. Wimbo wa tano ukiisha, aliinuka. "Naangalia jenereta," alisema, akatoka nje, akarudi wa saba ukianza. Kwa miaka kumi na minane jenereta ile iliangaliwa kuliko mgonjwa.

Lakini maneno ya kuushambulia wimbo wa sita yalitoka kwake. Alimpa kinyozi, swahiba wake, naye kinyozi alisimama, akasikiliza, akayasema. Mwaka mmoja wenzao walikuwa wakijadili sauti ya mwanamke inayosikika kwa mbali, wimbo ukiwa umeshaisha. Wengine walidhani ni mwigizaji, wengine walisema mtu alisahau kufunga mlango wa studio. Fundi hakuwahi kuisikia sauti hiyo. Akasema, "Huyo mama naye wangemkata. Anaharibu tu." Neno likapendwa. Tangu siku hiyo kila mtu akawa analisema kama lake.

Hata hivyo wimbo ulikuwa ukiponea kwa kura mbili tatu kila mwaka.

Mwaka huu ninaousema, redio ya mji iliwapa kipindi cha Jumapili. Muda ulitosha nyimbo tisa, na kila mwimbaji angetajwa kwa jina. Fundi alipopata habari hiyo hakula vizuri. Jina lile litatangazwa mjini kwake, tena litatoka kwenye redio alizozitengeneza kwa mikono yake? Alitaka wimbo mmoja ubaki nje, na aliujua ni upi.

Siku ya kukutana ilipofika, kinyozi hakuja. Alikuwa msibani. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu wa hesabu, akauliza nani ana shitaka. Fundi alimtazama huyu, akamtazama yule. Hakuna aliyeinuka. Akainuka yeye.

"Wa sita," alisema.

"Wewe mwenyewe, Fundi?" Mwalimu alishusha miwani. "Leo jenereta anaiangalia nani?"

Darasa likacheka.

"Itajiangalia, Mwalimu."

"Haya, pita mbele. Mpaka mwisho."

Kulikuwa na mama mmoja mshona sare za shule, aliyeutetea wimbo huo kila mwaka. Akasema kutoka nyuma, "Na usianze kujikohoza, kaka yangu."

Fundi akabonyeza mashine, akasimama akitazama herufi zilizochorwa ukutani. Ubeti wa kwanza aliujua, maana aliwahi kuusikia akiwa mlangoni. Wa pili hakuujua. Ulihusu vijana wawili wenye shati moja la kanisani, wakivaa kwa zamu, anayebaki nyumbani akimfulia mwenzake. Fundi akabana meno. Akajiambia, ananiimba hata mimi ili asifiwe.

Kisha bendi ikanyamaza. Likabaki gitaa moja, na sauti yake haikuwa ya studio. Ilikuwa ya chumbani, ya mashine ndogo waliyokuwa wakiiweka juu ya ndoo enzi zile, wajirekodi. Gitaa likaja, likafika kwenye uzi wa tatu, likauruka, likatua kwenye wa nne, likaendelea kana kwamba hapakukosekana kitu.

Mtu mmoja tu aliweza kuruka hivyo. Rafiki yake alijaribu mwaka mzima akashindwa. Fundi alishtuka kuona vidole vyake mwenyewe vinatembea juu ya mshono wa suruali, na havikukosea hata mara moja.

Gitaa likaisha. Kwa mbali mwanamke akaita: "Nyie wawili, ugali unapoa. Siiti tena."

Mama yake fundi alikuwa amefariki miaka kumi na mmoja iliyopita. Dukani kwake mlikuwa na kanda za harusi za watu, za mahubiri, za mikutano ya hadhara. Sauti ya mama yake aliitafuta baada ya mazishi, kanda moja baada ya nyingine, akakata tamaa. Katika kanda ya kikundi hakutafuta. Aliijua ina nini.

"Toa shitaka lako," Mwalimu akasema.

"Naliondoa."

"Huwezi. Ukishasimama, tunapiga kura."

"Mwalimu, hilo gitaa ni mimi. Na anayeita hapo ni mama yangu."

Watu walitazamana. Mmoja akasema, "Redio imekuja leo, ndiyo gitaa limekuwa lako?"

"Na si wewe uliyesema huyo mama akatwe?" akauliza mwingine.

"Nilikuwa sijamsikia."

Mshona sare hakuwa na utani tena. "Miaka kumi na minane, kaka? Na kanda inalala dukani kwako?"

Mwalimu akaita kura. Wanaotaka wimbo wa sita ubaki nje: mikono kumi na mitatu. Fundi aliitazama mmoja mmoja. Kila mkono aliufundisha yeye kuinuka. Wanaotaka uingie: mkono wa mshona sare, na wa fundi mwenyewe. Mwenyekiti hakupiga.

Jumapili ile mji ulisikia nyimbo tisa.

Sasa, ndugu zangu, tumwache fundi, tugeuke kwetu.

Sisi hudhani mwenye wivu ni yule anayetamani cha mwenzake. Mtazameni vizuri huyu. Aliamini ameachwa nje ya wimbo ule, kumbe alikuwamo tangu siku ulipotengenezwa. Rafiki yake alipata studio, alipata vyombo vizima, na mwishoni akaacha nafasi kwa gitaa bovu la mwenzake na kwa mama wa mwenzake. Fungu la fundi lilitunzwa ndani ya kitu alichokichukia, na aliyelitunza ni mtu aliyemchukia. Alichohitaji ni kuketi dakika mbili zaidi.

Ni mara ngapi Mungu ameweka fungu letu ndani ya baraka ya jirani, nasi tukainuka kabla ya mwisho? Wewe dada, mwenzako akianza kushuhudia juu ya ndoa yake, mtoto wako hupatwa na haja ya kutoka. Wewe mzee, kila kijana fulani akishika kipaza sauti, unakumbuka kwenda kuona kama magari yamepangwa vizuri. Mimi mwenyewe ninaye mchungaji mwenzangu ambaye mahubiri yake nimeyakosoa mara nyingi, na sijayasikiliza hata moja mpaka "amina". Kwa hiyo nawauliza kama ninavyojiuliza: jenereta yako ni ipi?

Na yale maneno tunayompa kinyozi akatusemee, tunajua yanaishia wapi? Yanakua vichwani mwa watu. Siku tutakayotaka kuyarudisha, tutaikuta mikono kumi na mitatu imekwisha kuinuka.

Mtaniuliza kama fundi alimtafuta rafiki yake. Sijaambiwa. Najua tu kwamba jioni ya siku ile ya kura alifunga duka mapema na watu waliopita nje walisikia mwanamke akiita ugali unapoa, kisha mashine ikirudishwa nyuma, kisha akiita tena.

Kwaya, msianze bado. Kila mmoja wetu amkumbuke mtu mmoja ambaye wimbo wake hajawahi kuusikiliza hadi mwisho. Mtaje jina moyoni. Tukae naye kimya dakika mbili, na mtu asitoke. Umeme leo upo. Hakuna jenereta ya kuangalia.