Siku Kisembe Iliponyamaza

"Mji ukinyamaza, maji husema." Mmeisikia leo kikaoni, mzee mmoja akiwatupia ninyi mliokuwa mnakatana maneno, nanyi mkacheka mkidhani amechoka kelele zenu tu. Haya, kaeni. Na wewe mwenye simu, iweke chini, haitakukimbia. Methali hii ilianza hivi.

Mji wa Kisembe umelala ubavuni mwa mlima. Maji yake yalitoka kwenye tangi lililojengwa juu kwa kodi ya wenyeji, yakashuka kwa bomba moja kuu, yakapita sokoni, yakafika mpaka bondeni, kwenye kituo cha afya. Kisha yakaanza kupungua, mwaka hata mwaka. Watu wa bondeni wakasema wa juu wanamwagilia mboga kwa siri. Wa juu wakasema wa bondeni wana nongwa. Ukawekwa mgao: koki ya tangi ilifunguliwa asubuhi na kufungwa jioni ili tangi lijae usiku, na usiku hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, na bado kule kituoni bomba lilitoa upepo mtupu. Mjamzito alikwenda kujifungua amebebewa dumu lake la maji kama anayekwenda shamba.

Namkunda alikuwa fundi bomba wa mji, mwanamke pekee katika kazi ile. Alifundishwa na baba yake kusikiliza maji kwa fimbo ya chuma: ncha moja ardhini juu ya bomba, nyingine nyuma ya sikio. Maji yanayopita salama hunong'ona, yanayovuja hunguruma. Lakini Kisembe ilimshinda. Mchana, maji yakiwamo bombani, mashine za kusaga, pikipiki na nyundo za wafua bati zilimziba masikio. Usiku, mji ukitulia, bomba lilikuwa kavu.

Basi siku moja baraza la mji likakata shauri. Zile fedha zilizotengwa miaka minne kujenga wodi ya wazazi zingenunua tangi la pili. Namkunda alikuwapo barazani. Alijua kabisa kuwa maji hayakuwa machache, yalikuwa yanapotea, na tangi la pili lingekuwa kujaza maji kwenye pakacha. Wodi ingekwenda, na kiu ingebaki palepale. Akaomba nafasi ya kusema, akapewa kwa shingo upande. Akaomba mji mzima unyamaze kwa saa moja, mchana, maji yakiwa bombani.

Watu wakatazamana. Hapo lazima mjue desturi ya Kisembe. Kule mashine huzimwa na nyundo huwekwa chini kwa jambo moja tu: jeneza linapotoka nyumbani mpaka kaburi lifukiwe. Kunyamaza bila maiti ni uchuro, ni kumwita mtu afe.

Mwenyekiti wa baraza, Mzee Mrutu, hakuwa mtu mbaya, ila aliiogopa desturi kuliko homa. Akamuuliza taratibu, "Mwanangu, tumnyamazie nani? Nani amekufa?"

"Dada yangu, baba," akajibu Namkunda. "Mwaka wa sita huu. Alijifungulia pale kituoni, dumu likaisha, damu isiishe. Mlimnyamazia mchana kutwa, na mlifanya vyema, nawashukuru. Leo naomba saa moja kwa ajili ya wale ambao hawajafa."

 Mzee Mrutu akaagiza baragumu lipigwe kesho yake saa sita mchana, mji unyamaze.

Wajukuu zangu, hili ndilo jambo ambalo wazee wa Kisembe hawalisimulii bila kushusha sauti. Baragumu lilipolia, mashine ya kwanza ilizimwa, kisha ya pili, kisha zote. Wenye pikipiki wakazisukuma kwa mikono. Redio zikafungwa. Wafua bati, ambao nyundo zao hazikuwahi kupumzika tangu soko lianze, wakazilaza mapajani. Ukimya ukashuka mji mzima. Watu wakasikia mabati ya mapaa yao yakilia kwa joto la jua. Wakasikia majani ya migomba ya ng'ambo ya bonde. Mtu mzima alikohoa akaona haya.

Namkunda akaanza tangini. Hatua tatu, fimbo ardhini, sikio. Hatua tatu tena. Umati ulimfuata nyuma, viatu mkononi, kina mama wamewaziba watoto wao midomo. Alipofika kwenye uchochoro wa wafua bati akasimika fimbo, na safari hii hakuiinua. Machozi yakamtiririka. Akamkabidhi Mzee Mrutu fimbo. Mzee akainama, kofia ikaanguka, asiiokote. Kisha akapiga magoti, akaitupa fimbo kando, akalaza shavu lake juu ya udongo. Mmoja mmoja wakafanya vivyo hivyo, wa juu na wa bondeni, wakalala kifudifudi sokoni kama watu wanaosujudu. Chini yao palinguruma mto mzima.

Walichimba hata shimo likazidi kimo cha mtu. Bomba lilikuwa limepasuka, na chini yake maji yalikuwa yamejichimbia pango, yakimwagika meupe ndani ya ufa wa mwamba, baridi yake ikiwapiga usoni. Watu wakasogea ukingoni, wakachungulia. Miaka yote walikuwa wameitana wezi palepale, juu ya maji yao wenyewe, na kadiri walivyopaza sauti ndivyo walivyoyafunika.

Vipande vinne vya bomba vilitosha. Fedha za wodi hazikuguswa.

Siku maji yalipofunguliwa, wanawake walijaa kituoni, vigelegele tayari kooni. Muuguzi akafungua bomba. Likakohoa upepo, likatema kutu, kisha maji yakaja, safi, mazito, yakipiga sakafu ya karai. Hakuna aliyepiga kigelegele. Wote walisimama kimya wakiyasikiliza, na Namkunda, aliyekuwa mlangoni, akalitamka jina la dada yake polepole, mara moja tu. Kila mtu alilisikia.

Mzee Mrutu, aliyesimama nyuma ya wanawake, akajifuta macho, akasema, "Mji ukinyamaza, maji husema."